Wawili kati ya Mia Mbili na Kumi

Gisenyi, 6 Machi 2023

Yaya Pulchérie, dada yangu,

Usiogope bahasha. Hakuna mutu amekufa. Mama iko muzima, jana amekula sombe sahani mbili na bado akauliza kama samaki imeisha. Nakuandikia ku karatasi juu simu yako shemeji ndiye anaishikaka, na mesaji zote anazisomaka kwa sauti mbele ya watoto kama mutu wa redio. Hii habari siitaki ku meza yenu. Dereva wa lori ya dagaa ni rafiki yangu, mi ndiye namufanyiaka karatasi zake za forodha hapa ku mpaka. Atakupa mu mukono.

Bon. Mwezi wa pili, sisi wote wa ofisi tulienda kutoa damu. Unanijua mi na sindano. Miaka makumi ine na tatu sijawahi kutoa hata tone moja. Safari hii wenzangu walinicheka sana, nikasema basi, twende. Walinilaza, nikafumba macho, nikasikia uchungu kadogo tu, nikapewa Fanta na biskuti. Yaya, nilitembea kifua mbele siku tatu! Hata mama nilimwambia, damu yangu inaenda kuokoa mutu.

Kisha wakanipigia simu. Msichana moja, anaitwa Belise, kazi yake ni kuzungumza na watu wenye kutoa damu. Akaniingiza mu chumba, akafunga mulango. Akasema: "Damu yako hatukumupa mutu yeyote. Tumeipima kama tunapimaka zote, na imeonyesha alama ya hepatite C." Nilicheka. Nikasema mumenichanganya na mutu mwingine. Akanionyesha namba, ilikuwa yangu. Hapo nikaanza kutafuta kiti, kumbe nimeshakaa ku kiti.

Akanifafanulia vizuri. Ni ugonjwa wa maini. Unapitia mu damu, si ku sahani, si ku kikombe, si kwa kukumbatiana. Ile alama inasema tu kwamba virusi vilipita mu mwili. Kuna watu mwili wao unavifukuza wenyewe. Kipimo cha pili ndicho kitasema kama bado viko.

Sasa mi nikauliza ile swali unajua nitauliza: tuko wangapi? Akasema, kwa orodha yao ya ule mwezi watu mia mbili na kumi walitoa damu, na wenye alama ni wawili. Wawili, Yaya! Watu mia mbili na nane wamerudi nyumbani na Fanta yao, na mi niko mu wale wawili. Tangu ile siku nikipita ku soko nahesabu watu. Nikifika mia najiuliza, ni nani hapa?

Na nataka kujua imetoka wapi. Operation sijafanyiwa. Damu ya mutu sijapewa. Muke wangu Dative alinitazama na ile jicho yake, akasema, "Gad, umepita wapi na wapi?" Nikaapa. Akaenda kupimwa, hana. Watoto, hawana. Donc ni kitu ya zamani, ya utoto wetu kule Congo, ya Masisi. We ndiye ulinibeba mu mugongo. Kumbuka kidogo: kuna siku nililazwa? Kuna siku nilichomwa na kitu?

Mama sijamwambia.

Mudogo wako,
Gad


Kigoma, 19 Machi 2023

Mdogo wangu Gad,

Bahasha imefika inanuka dagaa, nami nimejifungia chooni kuisoma kama mwizi. Pole sana, mdogo wangu. Pole kweli. Nimekaa nayo siku tano kabla ya kushika kalamu.

Lakini Kiswahili chako, Gad! Miaka yote hiyo umerudi Rwanda na bado unaandika kama uko sokoni Masisi. Saidati akiikuta hii barua atajua tu ni ya mjomba wake, hata bila jina.

Unauliza imetoka wapi. Mimi naona unajichosha bure. Nani anajua? Ulipokuwa na miaka miwili ulichomwa sindano za malaria kwenye zahanati, na wakati ule sindano zilikuwa zinachemshwa kwenye sufuria, zinatumika tena. Huenda ni hiyo. Huenda ni mswaki wa mtu, wembe wa kinyozi, Mungu ndiye ajuaye. Ukishajua utafanya nini? Utakwenda kumshtaki kinyozi wa mwaka themanini na nne?

Fanya hicho kipimo cha pili. Wakikukuta navyo, meza dawa zako. Ni kidonge kimoja kwa siku, majuma kumi na mawili, na hayapiti taratibu kama unavyodhani. Meza saa ile ile kila siku. Usikichanganye na zile dawa zako za kiungulia, waambie kwanza. Juma la kwanza kichwa kitauma kidogo, usiogope, kinaacha. Ukimaliza wanakupima tena, basi, unaendelea na maisha yako.

Na mama umwache. Ana miaka sabini na moja, moyo wake si wa kubebeshwa maswali. Usimuulize lolote la Masisi. Nakuomba, Gad. Niahidi.

Dada yako,
Pulchérie


Gisenyi, 2 Aprili 2023

Yaya,

Viko. Kipimo cha pili kimesema virusi viko, na vingi. Leo ni siku ya sita na vidonge. Dative ameweka saa ya simu, ikilia mama anauliza kama ni simu ya kazi, nasema ndiyo. Hivi ndivyo nimekuwa muongo mu nyumba yangu.

Nilirudi kwa Belise na maswali yangu mu karatasi, mbele na nyuma. Alinicheka. Akasema wengine wakija wanalia, mi nakuja kama mukaguzi. Nikamuuliza, kama ni wawili tu mu mia mbili na kumi, basi huu ugonjwa ni kidogo sana, juu gani serikali inapima watu wengi vile? Akaniambia kitu nimekifikiria kila siku tangu ile saa. Akasema: "Angalia nani anakuja kutoa damu. Wanafunzi. Vijana wa kwaya. Watu wanaojisikia na nguvu. Tena mutu mwenye aliambiwa ako nao harudi, hatumuhesabu tena. Wazee hawaji. Ukihesabu wenye kutoa damu, umehesabu wenye kutoa damu tu." Na ku wazee, akasema, inapatikana mara nyingi kuliko ku vijana. Unaona, Yaya? Ile orodha yote ni watoto. Wazazi wao hawamo.

Nikauliza tena, ule wa pili ni nani? Akakataa kabisa. Akasema siri ya mutu ni ya mutu. Ila ni mwenye umri kama wangu.

Halafu yeye ndiye akaniuliza. "Muzee Gad, ulikatwa kilimi?" Nikasema nini? "Ile nyama ndogo inaninginia nyuma ya mudomo. Zamani mutoto akikohoa walikuwa wanaikata." Nilienda ku kioo cha choo yao, nikafungua mudomo. Hakuna kitu! Miaka yote napiga muswaki na sijawahi kuona kwamba hapo hakuna kitu. Nilifika nyumbani nikafungua mudomo ya Dative: iko nayo. Watoto: wako nayo. Kesho yake ku mpaka niliomba madereva na wenzangu wafungue midomo, wakafikiri nimerukwa na akili, lakini walifungua. Watu kumi na tano. Waliokulia Rwanda na Uganda, karibu wote wako nayo. Waliokulia Masisi ni sita, na ku hao watano hawana. Watano!

Donc kuna mutu alitukata. Nani? Mi sikumbuki, nilikuwa mudogo. We ulikuwa tayari mukubwa. Enda ku kioo, fungua mudomo, uniambie.

Na kitu ingine. Sikukuandikia kwamba dawa ni majuma kumi na mawili. Sikukuandikia kwamba niko na kiungulia. Kichwa kiliniuma juma hili hili, sawa vile ulisema. We umejuaje?

Gad


Kigoma, 17 Aprili 2023

Gad,

Sihitaji kioo. Sina.

Sisi huku tunakiita kimeo, na hata huku walikata sana. Lakini wewe unauliza nani alitukata sisi. Mama, Gad. Mama yetu ndiye aliyetukata. Yeye ndiye aliyekuwa anakata watoto wa kilima kizima. Wewe hukumbuki kwa sababu tulipofika Rwanda aliacha, akatupa kisu, na hakukitaja tena. Mama yake alimfundisha. Alikuwa na kisu kidogo kilichopinda ncha kama ndoano, akikiweka kwenye kitambaa cheupe.

Ile asubuhi unayoitafuta naijua vizuri kuliko ninavyojua siku ya harusi yangu. Kulikuwa na kikohozi kilimani, watoto wanakohoa mpaka wanatapika, na wanawake wakaleta watoto wao wote kwa mara moja. Tulijaa uani. Mama alinianza mimi, nikiwa na miaka kumi na mmoja, ili wengine waone kwamba haiui. Nikatema damu, nikasukutua na maji ya chumvi, kisha akanipa beseni nishike. Kila mtoto akikatwa, mama anachovya kisu kwenye lile beseni langu, anapangusa kwa kitambaa, anamwita mwingine. Maji yakawa mekundu. Nikamwambia, "Mama, niyamwage?" Akasema kisima kiko mbali, ngoja. Basi nikaendelea kushika, hata ncha ya kisu iliponichana kidole. Wewe ulikuwa wa mwisho mwisho, nikakushika kichwa kwa mkono mmoja na beseni kwa mkono mwingine.

Sasa la pili. Unakumbuka mwaka 2019 nilipokuja kukaa kwako miezi mitatu? Ukafikiri nimegombana na Baba Saidati, ukampigia simu kumsihi anisamehe, naye maskini hakujua hata kosa lenyewe. Hatukugombana. Siku chache baada ya kufika nilienda uwanjani na wanawake wa kanisa, walikuwa wanapima watu wote bure. Nikakutwa nayo. Nikabaki mpaka nimalize dawa, nikazificha kwenye mfuko wa unga wa muhogo. Nimepona, Gad. Wamenipima mara mbili.

Muuguzi aliniuliza kama nilikatwa kimeo. Nikasema hapana. Akaniuliza, "Una ndugu, ili nao waje wapimwe?" Nikasema sina ndugu. Nilisema hivyo, nikatia saini.

Niliona nikisema ndio, utaitwa, utauliza kama unavyouliza sasa, na itafika kwa mama. Nikajiambia huenda wewe huna. Nikajiambia nitakwambia mwakani. Kule Masisi mama alikuwa akijisifu kwamba hakuna mtoto aliyefia mkononi mwake. Ukimwambia hili utamuua. Nitukane mimi utakavyo, lakini yeye usimwambie.

Pulchérie


Gisenyi, 29 Aprili 2023

Pulchérie,

Miaka ine.

Miaka ine umekuja Noeli, umekula ku sahani yangu, umebeba watoto wangu, na ulijua. Dokta amepima maini yangu na ile mashine yao, amesema imeanza kukakamaa. Si sana, anasema, na dawa itasimamisha. Lakini akauliza, "Juu gani hukukuja mapema?" Ningemjibu nini? Kwamba niko na dada, na dada huyo aliapa hana ndugu?

Nimekasirika mpaka Dative ananiogopa. Nimetembea mpaka ku ziwa na kurudi mara mbili na haijaisha.

Lakini sikiliza sasa, hii ni muhimu kuliko hasira yangu. Nimefikiri hivi. Sisi wawili tuko nayo, we na mi, mama moja. Huenda kisu si kitu. Huenda ilitoka kwa mama mwenyewe, alituzaa nayo. Na kama ni vile, ako nayo mpaka leo, miaka makumi saba na moja, na hakuna mutu amemupima juu we umefunga mudomo na umenifunga na mi. Sasa hivi analalaka mchana. Zamani hakuwa analala mchana. Nikimwangalia macho nakuta nayatafutia rangi ya manjano.

Unasema nikimwambia nitamuua. Na nikinyamaza?

Nampeleka kupimwa Jumatatu. Nitasema wanapima wazee wote. Ni uongo ingine, nitaubeba.

Gad


Gisenyi, 13 Mei 2023

Yaya,

Nimekuita Yaya tena, unaona. Hasira haijaisha yote, ila imepitwa na mambo mengine.

Mama hana. Hana hata alama. Walipima mara mbili juu mi niliomba warudie. Damu yake ni safi kama ya mutoto.

Muuguzi aliposema, nilianza kulia palepale, mu korido, mbele ya watu. Nilikuwa nimebeba hofu majuma mbili. Mama akanishika mukono, akaniuliza, "Unalia juu ya nini, na mi sina?" Nikasema ni furaha. Akasema, "Ile si kilio ya furaha. Nimekuzaa. Kaa hapa." Akanikalisha ku benchi kama mutoto wa shule. Na mi, Yaya, sikuweza tena. Nikamwambia. Kutoa damu, vidonge, we na uwanja, kilimi, beseni. Yote.

Na wakati nasema ndipo mi mwenyewe nikaelewa. Kama mama hana, haikutoka kwake. Ilitoka ku mutoto moja, ikaingia ku mwingine, na kisu ndicho kiliitembeza. Ku mukono wake. Nilisikia naisema kwa sauti na nikatamani kuirudisha mu mudomo.

Hakulia. Hakukataa. Aliuliza swali moja tu: "Mulikuwa wangapi ile asubuhi?" Nikasema mi sijui, Pulchérie ndiye anajua. Akasimama, tukarudi nyumbani. Kesho yake akachukua kitenge yake na mwavuli, akasema anaenda Mudende kwa mama Evode, yule jirani wetu wa Masisi. Ni siku ya ine leo. Simu yake imezimwa. Dative anasema tumuache. Mi kila pikipiki ikisimama ku mulango natoka kuangalia.

Gad


Kigoma, 24 Mei 2023

Gad,

Nilikuomba kitu kimoja. Kimoja tu!

Sasa yuko wapi? Amekula? Nani yuko naye? Mama Evode naye ni kikongwe, watakaa wawili wanalia mpaka waishe. Barua yako imechukua siku kumi na moja kufika na mimi sijui kama hapa ninapoandika nina mama. Nimepiga simu yake mpaka Baba Saidati ameniuliza nina nini. Nimemwambia jino.

Nenda Mudende. Usingoje pikipiki mlangoni, nenda wewe. Mwambie beseni nililishika mimi. Mwambie niliona maji na sikuyamwaga. Kama kuna wa kulaumiwa tugawane.

Ulimuuliza Belise wangapi, ukamuuliza dokta, umefungua midomo ya madereva. Umeridhika?

Pulchérie


Mudende, 11 Juni 2023

Batoto bangu Pulchérie na Gad,

Ni mi mama yenu naandika, na mukono yangu mwenyewe. Musome polepole, kalamu inanitoroka. Gad alifika hapa na barua ya Pulchérie, akanisomea, analia. Nikamwambia nipe karatasi.

Kwanza munisikilize. Mi nilizaa batoto batano, nikazika batatu. Nilikimbia mara mbili na nyumba ku kichwa. Na nyinyi munaniogopea neno? Munanificha kama yai? We Pulchérie, umekaa mu nyumba na mi miezi tatu, unakula dawa mu mufuko ya unga, na mi niko napika hiyo unga! Aibu. Si aibu ya ugonjwa. Aibu ya kuniona mi mujinga.

Ndiyo, nilikata. Sitasema sikukata. Mama yangu alikata, nikaona, nikajua. Tulifikiri kikohozi inakaa pale. Nilikuwa napangusa kisu ku kitambaa cheupe nikifikiri nimesafisha. Maji ilikuwa mbali, na mi nilikuwa nimechoka. Sasa najua. Nimelia hapa kwa mama Evode siku mbili, nimelia sana, nimemuomba Mungu, nimekosa usingizi. Siku ya tatu nikamwambia mama Evode, machozi yetu haimupimi mutu. Tuhesabu.

Tulianza ku nyumba ya chini, karibu na kisima, tukapanda kilima nyumba kwa nyumba mpaka ku kanisa. Nani alikuwa na batoto? Nani alikohoa? Yeye alikumbuka bamama, mi nilikumbuka midomo. Mutanicheka, lakini mutu akifungua mudomo mbele yako akilia, haumusahau. Tumepata kumi na saba. Gad, we unapendaka namba, hiyo ni namba yako.

Bawili ni nyinyi. Bane balikufa zamani, tumebaombea. Bane bako bado kule Congo, tumetuma habari na ndugu zao. Sita bako huku. Nimeanza kubaendea.

Wa kwanza nilimukuta Mahoko, Jean Bosco, anauza viazi. Mutu munene sasa, na kitambi. Nikamwambia, "Bosco, mi ndiye nilikukata kilimi ukiwa na miaka tano." Akacheka, akasema, "Mama, nakumbuka, nilikung'ata kidole!" Nikamwambia kuna ugonjwa, kisu yangu ilitembea na damu ya batoto, uende upimwe leo. Akaacha kucheka. Akakaa ku gunia. Nikangoja anitukane, nilikuwa tayari. Akasema, "Unangojea nini? Twende wote, mi peke yangu naogopa." Nikaenda naye. Ako nayo. Amepewa dawa, na maini yake haijaharibika. Bengine babili nilibapeleka juma iliyopita, habana. Gad ananiuliza juu gani huyu na si yule, na nani aliileta ku beseni. Nimemwambia anyamaze na hiyo swali. Ilikuwa mutoto, alikohoa, mama yake alimuleta kwangu.

Sasa Pulchérie, niko na shida na we ndiye unaweza kunisaidia. Nimesema kumi na saba, lakini majina niko nayo kumi na sita. Kuna musichana moja. Alikuwa mbele ya Gad ku mustari. Rafiki yako, nguo ya shule ilikuwa inamupita urefu. Alitoka damu sana kuliko bengine bote. Naona uso yake, naona meno yake, jina imenipotea kabisa, na mama Evode naye imemupotea. Anasema baba yake alirudi Rwanda mwaka moja na sisi. Anaitwa nani? Nitumie jina upesi.

Na unyamaze na habari ya beseni. Ulikuwa mutoto, nilikuambia ushike, ukashika.

Mama yenu,
Nyirabahire


Kigoma, 20 Juni 2023

Mama,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara nne.

Anaitwa Uwimbabazi. Tuliketi dawati moja. Gauni lile lilikuwa la dada yake.

Namjua, mama, na nilimwona. Mwaka 2019, pale uwanjani, alikuwa kwenye mstari mbele yangu, kati yetu kulikuwa na watu watatu tu. Aligeuka, akaniona. Alinitambua, nami nikamtambua. Akafungua mdomo kama anataka kuniita. Mimi nikainamisha kichwa nikajifanya nasoma karatasi niliyopewa, kwa sababu mstarini walishasema ugonjwa unatokana na kukatwa kimeo, nikaogopa atasema jina lako mbele ya wale wanawake. Akasimama kidogo. Kisha akatoka kwenye mstari akaenda zake, bila kupimwa. Nilimwangalia mpaka akapotea getini.

Miaka minne nimejiambia kwamba alirudi siku nyingine. Sijui kama alirudi. Sijamuuliza mtu.

Jana mchana nimemwambia Baba Saidati kila kitu, mezani, watoto wakisikia. Hakusema neno baya. Ameniuliza tu naondoka lini. Ijumaa napanda basi, naye amenisaidia kupata kiti cha mbele.

Nimeuliza kwa simu. Uwimbabazi anashona nguo karibu na soko la Mahoko, mlango wa bluu. Ulishapita mbele yake siku ile unamtafuta Bosco. Lakini usiende, mama, ningoje. Nataka mimi ndiye nigonge.

Mwanao,
Pulchérie